Matofali Yale Yale, Majani Hakuna



Katika kitabu cha Kutoka, sura ya tano, imo habari ambayo wengi wetu huisoma upesi ili tufike kwenye mapigo ya Misri na Bahari ya Shamu. Waisraeli walikuwa wakifyatua matofali, na majani ya kuchanganya na udongo waliletewa. Walipoomba nafasi ya kwenda kumwabudu Mungu wao, Farao hakuongeza idadi ya matofali hata moja. Alichofanya ni kuondoa majani. Idadi ikabaki ile ile, lakini watu wakaambiwa wajitafutie majani wenyewe. Na walioshindwa wakaitwa wavivu. Tena waliopigwa ni wasimamizi, Waisraeli wenzao, waliokuwa wamewekwa kati ya Farao na wafyatuaji.

Tumeanza na habari hiyo kwa sababu tumeisikia upya kutoka vinywani mwa vijana wetu wanaofanya kazi ya masoko na mauzo. Tume za Haki na Amani zimezoeleka kuwasemea wachimbaji wadogo, watumishi wa nyumbani na wakulima wanaonyang'anywa ardhi. Hao hatutawaacha. Lakini yupo mnyonge mwingine ambaye hatumtambui kwa sababu amevaa viatu vilivyong'arishwa na amebeba mkoba wenye nembo ya kampuni. Jirani humwona akitoka alfajiri na kurudi usiku, husema, "Huyu kapata kazi nzuri mjini." Naye huona haya kumsahihisha.

KAZI YENYEWE IKOJE

Tuchukue mfano. Siyo habari ya mtu mmoja. Ni picha tuliyoiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia katika maelezo ya wengi. Binti ana stashahada ya masoko. Ameajiriwa kuwa ofisa masoko wa kampuni isambazayo sabuni na bidhaa za usafi. Eneo lake ni kuanzia Mbagala Rangi Tatu hadi Kongowe. Hapo zamani eneo hilo lilikuwa na maofisa watatu na gari moja dogo. Wawili waliondoka, hawakurudishiwa wengine. Gari likauzwa ili kupunguza gharama. Lengo la mauzo, ambalo wenyewe huliita tageti, halikupungua. Mwaka uliofuata liliongezwa.

Kila siku za kazi huanza saa moja asubuhi kwa mkutano wa kuulizwa mbona jana hakufikisha. Kisha huzunguka dukani hadi dukani kwa daladala na bodaboda, akibeba sampuli na mabango, mpaka saa kumi na mbili jioni. Nauli hurudishiwa nusu. Vocha ya simu hununua mwenyewe. Saa ya chakula imeandikwa katika mkataba, lakini katika ratiba haimo. Akifika nyumbani hukaa saa nzima akiandika taarifa na kuituma kwa simu. Jumamosi husimama sokoni kunadi bidhaa tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Usiku wa manane ujumbe wa meneja huingia katika kundi la simu: majina ya walioshika mkia yamepangwa kwa mstari, wenzao wote wayaone. Katoni ikipotea njiani, hukatwa mshahara bila kuulizwa. Akiomba msaidizi, hujibiwa kuwa barua za waombaji zimejaa mezani, anayeona kazi nzito aseme.

Hatuzungumzii uvivu. Binti huyu anaijua kazi yake. Anawajua wenye maduka kwa majina, anajua ni wiki gani ya mwezi watu wananunua pakiti kubwa na ni wiki gani wanaomba wakatiwe kipande. Anaipenda. Kinachomvunja moyo ni kudaiwa matofali yale yale na aliyemwondolea majani.

JAMBO HILI LILITOKEA WAPI

Wazee wetu watakumbuka kuwa zamani kazi ya namna hii haikuwa na nafasi kubwa nchini Tanzania. Miaka ya baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sabuni, sukari na nguo zilikuwa adimu. Watu walipanga foleni katika maduka ya ushirika. Aliyekuwa na sabuni hakuhitaji ofisa wa kuinadi. Alihitaji mgambo wa kuzuia msongamano. Hatuyasifu maisha hayo. Shida yake iliwaumiza maskini kabla ya wengine wote.

Kuanzia mwaka 1986, nchi ilipofungua milango ya soko huria kwa makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, bidhaa zikajaa. Lakini fedha mifukoni mwa wanunuzi hazikujaa kwa kadiri hiyo. Leo duka moja la uswahilini lina aina nyingi za sabuni ya unga, na mama mwenye shilingi elfu moja atachagua moja tu. Shida iliyokuwa juu ya mnunuzi imehamia juu ya muuzaji. Kampuni haziwezi kumlazimisha mama yule anunue. Basi humlazimisha ofisa wao amshawishi, na asiposhawishika, kosa ni la ofisa. Hivyo udogo wa kipato cha wananchi unageuzwa kuwa hatia ya mfanyakazi mmoja mwenye mkoba.

SHERIA INASEMAJE

Wako wanaodhani kuwa haya ni mambo ya huruma tu. La, ni mambo ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi kuwa si zaidi ya 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Kazi ya ziada yahitaji makubaliano, haiwezi kupita saa 50 katika majuma manne, na hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Baada ya kazi ya siku, mfanyakazi ana haki ya kupumzika saa 12 mfululizo, na kila wiki saa 24 mfululizo. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya mapumziko ya dakika 60.

Sasa tufanye hesabu ya binti yetu. Saa 11 kwa siku tano ni 55. Jumamosi ni 6. Taarifa za jioni ni 5. Jumla ni saa 66 kwa wiki, yaani 21 zaidi ya kawaida. Katika majuma manne ni saa 84 za ziada, wakati sheria hairuhusu zaidi ya 50 hata kwa hiari yake mwenyewe. Tuseme mshahara wake ni Sh 390,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya sheria, saa yake moja ni Sh 2,000, na saa ya ziada ni Sh 3,000. Saa 84 ni Sh 252,000. Hizo ndizo zinazobaki mikononi mwa mwajiri kila majuma manne. Kama mtunza ghala angechukua bidhaa za thamani hiyo kila mwezi, angekuwa amekwisha fikishwa polisi. Lakini mwajiri anayechukua saa za mtu huitwa mchapakazi, na huenda akapewa cheti.

Makato nayo yana utaratibu. Mwajiri hawezi kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyopotea au kuharibika kwa kuamua tu. Yapasa ithibitike kuwa hasara ilitokea kazini kwa kosa la mfanyakazi; aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi; apewe nafasi ya kujitetea; akubali kwa maandishi; na makato yasizidi robo ya mshahara. Katoni iliyoanguka kutoka bodaboda, kwa sababu kampuni iliuza gari, ni kosa la nani?

Zipo hila mbili zinazotumika kuikwepa sheria hii, na twaziweka wazi. Ya kwanza ni hila ya cheo. Masharti ya saa za kazi hayamhusu mfanyakazi anayewasimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Basi utakuta kijana anaitwa "Meneja wa Eneo", naye hamsimamii mtu yeyote isipokuwa mwavuli wake. Sheria hutazama kazi inayofanyika. Jina lililochapwa kwenye kadi halibadilishi kitu.

Hila ya pili ni kumwita mfanyakazi "wakala huru" anayelipwa kamisheni tu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeliona hilo. Mtu huhesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwapo hata jambo moja kati ya yaliyotajwa: kwamba namna yake ya kufanya kazi au saa zake zinaongozwa na mwingine, kwamba amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba anamtegemea huyo kiuchumi, kwamba amepewa vitendea kazi na huyo. Anayeambiwa afike mkutanoni saa moja asubuhi, avae fulana hii na atembee njia hii, ana uhuru gani wa wakala?

VISINGIZIO NA MAJIBU YAKE

Husemwa: "Ushindani ni mkali, tukilegeza tutafunga kampuni." Twajibu kuwa ushindani unaodumu kwa saa zisizolipwa haushindanishi bidhaa, unashindanisha ukatili. Kampuni inayolipa saa za ziada kwa haki inaonekana ghali mbele ya ile inayoziiba. Kwa hiyo mwajiri mwaminifu ndiye wa kwanza kudhulumiwa na mwajiri mwizi, naye angepaswa kuwa upande wetu.

Husemwa: "Hakulazimishwa, alitia sahihi mwenyewe." Papa Leo wa Kumi na Tatu alilijibu neno hili katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891. Alifundisha kuwa mtu anayekubali masharti magumu kwa kuogopa shida kubwa zaidi hajakubali kwa uhuru, bali ametendewa nguvu. Binti mwenye wadogo watatu wanaosubiri ada hawezi kusemwa kuwa amekaa mezani sawa kwa sawa na kampuni.

Husemwa: "Kamisheni humlipa kila mtu kadiri ya juhudi zake." Ingekuwa kweli kama juhudi pekee ndiyo iletayo mauzo. Lakini bei hapangi yeye. Ubora hapangi yeye. Mzigo ukichelewa bandarini, dukani huonekana yeye. Kamisheni ikiwa nyongeza juu ya mshahara wa haki ni jambo jema. Ikiwa badala ya mshahara, kampuni imempa mfanyakazi hasara zake na kujiwekea faida.

Husemwa tena: "Nasi tulianza hivyo hivyo, tukavumilia, leo ni mameneja." Kwa kweli neno hili hutusikitisha kuliko yote, kwa kuwa linasemwa na watu waliopigwa fimbo ile ile. Tunajua kuwa meneja wa kanda naye ana ujumbe wake wa usiku kutoka juu. Yeye ni msimamizi wa Waisraeli, amewekwa kati. Lakini wasimamizi wa Misri walikwenda kwa Farao kumlalamikia, wakasema wazi kuwa majani hayatolewi. Meneja wetu angalau aseme hilo katika mkutano wa makao makuu, badala ya kuipitisha fimbo kwa wa chini yake.

GHARAMA INALIPWA NA NANI

Wajapani wana neno karoshi, maana yake kifo kitokanacho na kazi kupita kiasi. Siku ya Krismasi ya mwaka 2015, binti wa miaka 24 aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni kubwa ya matangazo jijini Tokyo alijitoa uhai. Mwaka uliofuata ofisi ya serikali ya kazi ilikiri kuwa chanzo kilikuwa kazi kupita kiasi. Saa zake za ziada zilikuwa zimepita 100 kwa mwezi. Mwaka 2017 mahakama iliitoza kampuni faini ya yeni 500,000, kiasi kidogo mno kwa kampuni ya ukubwa ule. Na hakuwa wa kwanza. Mwaka 1991 kijana wa kiume wa umri huo huo, wa kampuni hiyo hiyo, alikufa kwa namna hiyo, na mwaka 2000 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kuwa mwajiri alihusika. Miaka 24 katikati ya vifo viwili, na somo halikushika.

Mtu asiseme kuwa hayo ni ya Japani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu kuwa watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Binti wetu wa Mbagala anafanya 66.

Gharama nyingine huingia nyumbani. Watoto humwona mzazi amelala au ameshika simu. Ndoa huchakaa. Jumuiya Ndogo Ndogo humhesabu kuwa mtoro. Mabinti wanaotumwa kunadi vinywaji baa usiku huambiwa wamvumilie mteja anayewashika, kwa kuwa mteja ni mfalme. Kisha huachwa warudi peke yao saa sita za usiku. Huu ni udhalilishaji, wala hatutauita kwa jina jingine.

Tena ukweli wenyewe hulipa. Mtu aliyebakiza siku mbili kufikisha lengo la mwezi huanza kuongeza chumvi. Humwuzia mzee bima bila kumsomea masharti, humpa mjane mkopo bila kumweleza riba. Tunalalamikia udanganyifu wa wauzaji, lakini uongo mwingi wa namna hii hupikwa ofisini na kupakuliwa mlangoni pa maskini. Lengo lisilofikika kwa ukweli ni amri ya kudanganya.

MWAJIRI ALIYE NYUMA YA PAZIA

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alitufundisha kumtazama pia mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani wale wote ambao maamuzi yao hupanga masharti ya kazi hata kama hawatii sahihi mkataba. Katika jambo hili nao wako wengi. Yuko mwenye chapa ng'ambo anayepanga idadi ya katoni bila kuijua barabara ya Kongowe wakati wa masika. Iko kampuni ya kati inayokodisha vijana kwa miezi mitatu mitatu ili wasifikie haki yoyote. Iko serikali yenye sheria nzuri na wakaguzi wa kazi wachache. Na sisi wanunuzi tumo, tunaotaka kila kitu kiletwe mlangoni kwa bei ya chini bila kuuliza nani amekipunguza.

Nasi Kanisa tusijifiche. Tuna shule, hospitali, maduka ya vitabu, redio na miradi. Humo pia hupatikana mtu mmoja anayefanya kazi za watatu, huku akiambiwa kuwa huo ni utume. Utume haufuti saa 45 wala hauondoi malipo. Tukinyamaza juu ya nyumba yetu, hakuna mwajiri atakayetusikiliza juu ya yake.

TUNASEMA NINI

Kwa waajiri: pungufu ya watu iendane na pungufu ya lengo. Anayeondoa gari aondoe pia maduka yaliyohitaji gari. Nauli na gharama za simu ni za kampuni, si za mfanyakazi. Ujumbe wa usiku ukome, na orodha za kuaibishana zifutwe. Kumbukeni ushauri wa Yethro kwa Musa katika Kutoka sura ya kumi na nane. Alipomwona mkwewe akihukumu watu tangu asubuhi hadi jioni peke yake, hakumsifu kwa bidii. Alimwambia kuwa utaratibu huo si mwema na utamchosha yeye na watu, akamtaka atafute wa kusaidiana naye. Kama Musa alihitaji wasaidizi, ofisa masoko ni nani asiwahitaji?

Kwa serikali: wakaguzi wa kazi wasiishie viwandani. Waulize pia saa za wale wasio na lango la kuingilia wala kengele ya kutokea.

Kwa wafanyakazi wenyewe: andikeni saa zenu kila siku katika daftari. Tunzeni nakala za mikataba, taarifa na ujumbe wa simu. Dai lisilo na maandishi huishia kuwa malalamiko. Jiungeni na chama cha wafanyakazi. Kwa sekta ya viwanda na biashara kipo TUICO, na sheria inakataza kumwadhibu mtu kwa kujiunga. Mgogoro ukishindikana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo; aliyeachishwa kazi asichelewe, maana muda wa kufungua shauri lake ni siku 30. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ofisa mmoja mmoja anayenung'unika kituo cha daladala hajawahi kumbadilisha meneja yeyote.

Kwa Jumuiya zetu: msimwite mtoro kabla hamjamwuliza anatoka kazini saa ngapi.

Tunajua kijikaratasi hiki kitasomwa pia na watu wenye makampuni, wanaokaa viti vya mbele na kuchangia ujenzi wa makanisa yetu. Michango yao tunaishukuru. Lakini yatupasa kusema bila kuficha kuwa sadaka inayotokana na saa 84 zisizolipwa ina mwenyewe, naye yuko nyuma kabisa kanisani, amesinzia kwa uchovu. Wamlipe kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu, ni nani wanaofanya kazi ya mauzo, masoko au kunadi bidhaa? Wanafanya saa ngapi kwa wiki? Tuhesabu pamoja nao, kwa karatasi na kalamu.

2. Ni majani gani yaliyoondolewa katika kazi zetu, huku idadi ya matofali ikibaki ile ile?

3. Je, kati yetu wako wasimamizi? Wanapitisha fimbo, au wanakwenda kusema juu?

4. Watumishi wa parokia yetu wana mikataba ya maandishi? Wanapata siku yao ya mapumziko?

5. Tuchague jambo moja la kufanya kabla ya mwezi huu kwisha, na mtu wa kulifuatilia.